Kiti Chenye Joto

Kiti kilimalizwa asubuhi, kikaingizwa sebuleni, na mpaka alasiri hakuna aliyekuwa amekikalia. Hilo watu wote wa nyumba ile wangeweza kuliapia. Mwenye kiti alikuwa amepiga marufuku. Alitaka akae yeye kwanza, jioni, akiwa ameshaoga na kuvaa gauni safi, maana maisha yake yote alikuwa ametengeneza makochi ya watu wengine huku yeye mwenyewe amekaa juu ya debe.

Lakini mtoto ni mtoto. Binti yake, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa juu ya mdomo wake, alikinyemelea kile kiti, akakirukia, na kabla hajatulia akateremka. Akaweka kiganja kwenye kikalio.

"Mama, kina joto," alisema. "Nani alikuwa amekaa?"

"Hakuna mtu. Ni jua la dirishani."

Dirisha lilikuwa ukuta wa pili, na jua lilikuwa bado halijazunguka upande ule. Mama mtu alijua hivyo. Jioni alioga, akavaa, akakaa. Kiti kilimpokea vizuri mno, kama kilichokuwa kinamsubiri, na joto lile lilimpanda mgongoni taratibu mpaka akasinzia.

Mtaani walimwita Fundi tu, kwa sababu mwanamke wa kushona makochi alikuwa mmoja. Mumewe alikuwa seremala. Yeye alichonga mifupa ya kiti, mkewe akaivisha nyama na ngozi, na karakana yao ilikuwa hapo hapo uani, hatua chache kutoka jikoni. Watu waliwaonea gere, na walikuwa na haki, maana wale wawili walikuwa wakitaniana kutwa nzima kama watoto wa shule.

Ufundi aliupata kwa baba yake, na hapa inabidi tusimame kidogo, kwa kuwa baba huyo alikuwa na mambo.

Alikuwa fundi hodari, tumpe haki yake. Alikuwa akijaza mdomo misumari midogo ya makochi, kisha anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi huku nyundo ikigonga bila kupumzika. Misumari ikiwa mdomoni hakuweza kusema, na nyumba ilikuwa na amani. Lakini zilikuwapo saa ambazo nyundo ilinyamaza, na kilichosikika kilikuwa misumari peke yake, ikigeuzwageuzwa mdomoni, ikigonga meno. Hapo alikuwa anawaza. Baadaye angekwenda kwenye kiti chake kinachotazama mlango, akae, aitoe misumari mmoja mmoja, imelowa mate, aipange juu ya mkono wa kiti. Na binti yake angekuja mwenyewe, bila kuitwa, asimame mbele yake na kunyoosha viganja. Kilichofuata ni mkanda mgumu wa turubai, ule unaofungwa chini ya kikalio kukaza springi.

Kosa? Kosa lake lilikuwa kucheka. Akicheka na mama yake jikoni, baba aliuliza kutoka sebuleni, "Mnamcheka nani?" Yule mtu alikuwa na wivu, basi, wivu usio na adabu wala mipaka. Alimwonea wivu mkewe mpaka mke akafungasha na kuondoka bila kuaga. Alimwonea wivu rafiki wa shule aliyekuja kumsuka bintiye. Alimwonea wivu hata paka, kwa kuwa alipenda kulala mapajani mwa msichana. Na kuliko vyote aliionea wivu mikono ya yule msichana. Mteja akipapasa mshono na kusema, "Huu mkono si wako, mzee, huu wa binti," baba alicheka naye, akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akarudi na wembe kuufumua ule mshono wote. Alipomaliza mshono, ilifuata mikono iliyoushona.

Sasa, katika ukoo ule wa mafundi kulikuwa na jambo lao. Kiti cha mwenye nyumba kilipochakaa na kutengenezwa upya, konzi moja ya sufi kuukuu iliwekwa katikati ya sufi mpya. Waliiita chachu. Walisema kiti kisicho na chachu hakijui kukaliwa. Na mwanafunzi alipofuzu, mwalimu wake alichomoa konzi kwenye kiti chake mwenyewe na kumpa, iwe ya kuanzia maisha. Binti alishona miaka na miaka, akawa mtu mzima, akampita baba yake waziwazi, na chachu hakupewa. "Hujawa fundi," baba alimwambia. "Siku ukiwa fundi nitakuwa nimekufa."

Aliondoka mchana kweupe, baba akiwa bafuni. Alikuwa ameshafika kwenye geti na furushi lake la nguo. Akarudi. Akapiga magoti nyuma ya kile kiti cha baba yake, akachana mshono wa chini kwa wembe, akaingiza mkono na kuchomoa konzi ya sufi. "Usiponipa, najipa," alisema, akaishindilia kwenye kopo tupu la maziwa. Akatoka, kichwa juu.

Miaka ikapita. Akapata kazi, akapata mume, akapata Kidoti. Siku moja shangazi yake alipiga simu kusema kwamba baba amefariki, amekutwa kwenye kiti chake, peke yake. "Haya, shangazi," alijibu, akarudi kwenye cherehani. Hakwenda kuzika, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Kopo lilibaki juu ya kabati. Wakati mumewe alipomchongea mbao za kiti chake mwenyewe, zawadi ya kumshtukiza, akaliteremsha kopo, akaweka konzi ile katikati ya kikalio, akashona juu yake. Hakumweleza mtu. Aliona haya kidogo, kwa kuwa ndani ya moyo wake alikuwa bado anataka kuambiwa na yule mzee kwamba ni fundi.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Kiti kilikuwa na joto kila kilipoguswa, na kikalio kilikuwa na bonde, kama mtu amenyanyuka sasa hivi. Fundi alikipigapiga kikarudi sawa, akenda jikoni, akirudi bonde lipo. Kisha ikaja harufu ya gundi ya moto iliyochanganyika na mafuta ya kujichua mgongo. Hakuna mtu nyumbani aliyejichua.

"Unasikia harufu gani?" alimuuliza mumewe.

"Gundi," mumewe alisema. "Nyumba ya mafundi, ulitaka nisikie manukato?"

Kiti walikiweka kikitazama dirisha. Wiki haikuisha, kilikuwa kinatazama mlango. Kila mmoja alidhani mwenzake amekigeuza.

Lakini lililokuwa baya kuliko yote halikuwa la kiti, lilikuwa la moyo wake. Fundi akikaa pale alikuwa anasikia vitu ambavyo hakuvisikia akiwa amesimama. Alisikia mumewe na Kidoti wakicheka karakanani, na kicheko kile, ambacho jana tu kilikuwa kinamfurahisha, kikamchoma kama mwiba. Wanacheka nini? Mbona nikiingia wananyamaza? Hawakuwa wakinyamaza, lakini yeye alisikia kimya. Aliona jinsi mtoto anavyomkimbilia baba yake kwanza akitoka shule. Aliona kwamba nesi wa nyumba ya pili, rafiki yake wa kufa na kuzikana, anamletea Kidoti vitabu na kumpakata kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Akamwambia nesi maneno ambayo nesi hakuyasahau, na nesi akaacha kuja.

"Mama Kidoti, una nini siku hizi?" mumewe aliuliza.

"Mlikuwa mnamcheka nani?"

Mumewe alimtazama. Kisha akajibu polepole, "Tulikuwa tunamcheka kuku aliyeingia kwenye ndoo ya rangi. Toka nje umwone, bado ana miguu ya bluu."

Hakutoka. Alibaki ameketi, kiti kinafuka joto chini yake. Jioni ile Kidoti alionyesha kitambaa alichokishona mwenyewe, mishono midogo iliyonyooka, na baba yake akasema kwa majivuno, "Huyu atampita mama yake." Fundi akacheka nao. Usiku aliamka kwenda kunywa maji, na asubuhi kitambaa kilikutwa mezani kimefumuliwa chote, uzi umekunjwa vizuri pembeni. Kidoti alilia. Fundi alilaumu panya. Panya gani anayekunja uzi, hakuna aliyeuliza, lakini mumewe aliutazama ule uzi kwa muda mrefu, na wembe uliokuwa kando yake.

Ikaja alasiri ya mvua. Mume alikuwa amekwenda kupeleka meza kwa mteja. Umeme ulikatika, nyumba ikawa na kiza cha mawingu, na mvua ilipiga bati kwa kishindo kiasi kwamba mtu hakuweza kusikia anachowaza. Kisha mvua ikapungua, na Fundi akasikia.

Tik. Tik-tik. Tik.

Alikijua kile kitu kabla hajakitambua. Damu ilimsisimka na viganja vikaanza kumwasha, maana mikono ina kumbukumbu zake, na ile ilikuwa misumari, misumari midogo ya makochi inayogeuzwa mdomoni na kugonga meno, polepole, kwa raha, kama mtu mwenye jioni nzima mbele yake, na harufu ya mafuta ya kujichua ikajaa chumba mpaka macho yakamtoka machozi, naye akataka kukimbia akamchukue mtoto lakini miguu haikumtii, akataka kuita lakini ulimi haukugeuka, akawa anatafuta kwa macho tu, pembeni mwa kabati, nyuma ya pazia, mlangoni, sauti ile inatoka wapi, nani anaifanya, na mtoto yuko wapi, mtoto alikuwa hapa sasa hivi akichora, mpaka macho yalipozoea kiza akamwona Kidoti amesimama mbele yake, karibu kabisa, kimya, mabega yamepanda masikioni, viganja vyote viwili amevinyoosha juu.

Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha mtoto yule kusimama hivyo.

"Babu kasema ninyooshe," Kidoti alinong'ona. "Kasema nimecheka sana."

Hapo ndipo Fundi alipotambua kwamba amekaa. Amekaa kwenye kiti, na kiti kinatazama mlango. Juu ya mkono wa kiti kulikuwa na misumari michache iliyopangwa, imelowa. Mkanda wa turubai ulikuwa mkononi mwake wa kulia. Na ile sauti iliyokuwa ikigonga meno ilikuwa ndani ya mdomo wake mwenyewe.

Aliitema misumari chini pamoja na damu. Alijirusha kutoka kwenye kile kiti kama anayetoka motoni, akaanguka kwa magoti, na Kidoti, badala ya kumkimbilia, akarudi nyuma mpaka ukutani. Hilo ndilo lililomuua moyo. Alijua mtoto anaona nini, kwa sababu na yeye aliwahi kuegemea ukuta kama ule.

Mume aliporudi akaambiwa yote. Fundi hakujificha, alisema kila kitu, na kopo la maziwa pia. Mumewe hakufoka. Alikusanya nguo za mtoto kwenye mfuko.

"Tunakwenda kwa dada," alisema. "Nakupenda, unalijua hilo. Lakini huyu simwachi humu."

"Usimwache," Fundi alisema. "Mchukue. Na mimi nikija kuwafuata kabla hili halijaisha, usinifungulie."

Asubuhi alikwenda kwa mganga. Huyo alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyekodi chumba nyuma ya duka la viatu, na watu walimwita Bibi Kigoda kwa kuwa popote alipoalikwa alibeba kigoda chake kwapani. Alifuatana na Fundi hadi nyumbani, akaingia sebuleni, akakitazama kiti kipya kizuri kilichojaa, akaweka kigoda chake mbali nacho, karibu na mlango.

"Mimi sikai mahali nisipojua nani kapapasha joto," alisema. "Haya. Ulikibeba kwa nini, mwanangu?"

"Sikukibeba kiti, bibi. Kiti nimekitengeneza mimi."

"Sikusema kiti. Nimekuuliza habari ya ulichokibeba."

Fundi akaeleza habari ya chachu. Bibi Kigoda alisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Na baba yako aliipata wapi?"

"Kwa babu."

"Na babu alikuwa mpole?"

Fundi akafungua mdomo, akakumbuka alama kwenye viganja vya baba yake, makovu ya kale aliyodhani ni ya kazi. Akaufunga.

"Ndiyo," Bibi Kigoda alisema. "Si baba yako aliyemo humo, usimbebeshe peke yake. Hili ni jini la kukaa. Linataka kiti, na kiti chake ni mtu. Lina wivu, halitaki aliyekaliwa apendwe na mwingine. Mimi siwezi kulitoa. Nitalishika tu lisikurukie. Mkono ulioliingiza ndio utakaolitoa."

Akawasha kijungu cha makaa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Fundi akakipindua kiti, akachukua wembe, akaanza kufumua. Kadiri alivyofumua ndivyo joto lilivyozidi, jasho likamtiririka, na sauti ikaja, si ya kutisha hata kidogo, sauti ya mzee aliyechoka.

"Mshono mzuri," ilisema. "Wewe ni fundi."

Wembe ulisimama. Miaka yote hiyo. Machozi yalimtoka na hakuweza kuyazuia.

"Usilijibu," Bibi Kigoda alinong'ona.

"Mkono huo niliutengeneza mimi," sauti iliendelea. "Ukinitoa, naondoka na ufundi wangu. Utashika sindano hutajua pa kuichoma. Yule seremala atakutaka wa nini? Mwanao ameshampenda baba yake zaidi. Nesi je? Wote watakuacha. Mimi ndiye niliyekufuata, miaka yote, kwenye kopo. Nani mwingine amewahi kukutaka namna hiyo?"

Fundi aliitazama mikono yake. Ilikuwa kweli kwamba kila ilichokijua ilifundishwa kwa kipigo. Ilikuwa kweli pia kwamba angeweza kuufunga mshono ule hata gizani, na kiti kingebaki, na angekuwa fundi aliyeambiwa ni fundi. Akamkumbuka Kidoti ukutani.

"Simama," alisema.

Makaa yalipasuka.

"Nimesimama mbele yako utoto wangu wote. Sasa simama wewe."

Akazamisha mkono kwenye sufi. Ilikuwa ya moto kama uji, na ndani yake vidole vikamshika vidole vyake, vikavuta. Akavuta na yeye, akauma meno, springi zote za kiti zikalia kwa pamoja kama mtu mzito anayenyanyuka kwa shida, na konzi ile ya sufi nyeusi ikatoka. Akaitupa kwenye makaa. Haikuwaka haraka. Ilijikunja kwanza, ikatoa harufu ya mafuta ya kujichua, kisha ikawa majivu kama kitu kingine chochote.

Bibi Kigoda alivuta kigoda chake, akaenda akagusa kikalio kilichofumuliwa. "Baridi," alisema. "Nipe maji ya kunywa, mwanangu, koo limenikauka."

Fundi aliketi siku nyingi mbele ya kile kiti akiogopa kushika sindano. Alipoishika, ilijua pa kwenda. Alikijaza sufi mpya tupu, bila chachu, akakigeuza kitazame dirisha. Alikwenda kwa nesi kuomba radhi, akaipata kwa tabu. Kidoti aliporudi na baba yake hakumkimbilia siku ya kwanza, wala ya pili. Alikuwa akimtazama mama yake mdomo kwanza, ndipo anamsogelea. Fundi alijifunza kufanya kazi na misumari kwenye bakuli. Kazi ilikwenda polepole zaidi, na mteja aliyenung'unika aliambiwa atafute fundi mwingine.

Siku moja, jioni, alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mumewe na Kidoti walikuwa sakafuni wakijenga nyumba ya vipande vya mbao. Nyumba ikaanguka. Wakaangua kicheko, wote wawili, wakaegemeana, na hakuna aliyemtazama yeye.

Akahisi ule mwiba.

Ulikuwa ule ule. Ulimchoma pale pale. Fundi alivuta pumzi kutafuta harufu, hakuna kitu, ni mchele unaochemka jikoni tu. Alipitisha ulimi kwenye meno, mdomo ulikuwa mtupu. Kiti kilikuwa kinatazama dirisha. Hapakuwa na mtu mwingine pale ndani wa kusingiziwa. Wivu huu ulikuwa wake, umekua naye, umekula naye, na hakuna Bibi Kigoda wa kuufumua.

Swali likamfikia mdomoni, lile lile, limekamilika. Akalimeza. Akashika mikono ya kiti, akasimama, akaenda akapiga magoti sakafuni kwenye vumbi la mbao.

"Nisogezeeni," alisema. "Na mimi nataka kujenga."

Mumewe akasogea. Kidoti alimtazama mdomo, kisha akampa kipande cha mbao. Baadaye mtoto alinyanyuka kufuata kipande kilichokuwa kimerukia chini ya kiti, na alipokuwa akiinuka aliweka kiganja kwenye kikalio. Akakiacha pale, hakukiondoa.

"Mama," alisema taratibu. "Kina joto."

Kipande cha mbao kikabaki hewani mkononi mwa mumewe.

"Najua," Fundi alisema. "Ni mimi niliyekuwa nimekaa."